Kioo Kilichobaki Makunduchi

Nasra mwanangu,

Salamu nimeshakupa asubuhi, na jioni utazipata tena, kwa hiyo hapa sitozipanga mstari mzima. Nakuandikia kutoka dukani Malindi, saa tisa na nusu za mchana, mlango nimeuegesha ili wateja wadhani nimekwenda kusali. Wewe na mama yako mmekwenda kuaga, mmeanzia kwa shangazi yako Bububu, na najua hamtorudi mapema, maana kwake hakuna anayeachiwa kutoka mpaka ale mara mbili. Kesho unapanda boti ya asubuhi. Nina saa chache na nina jambo moja ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Mambo ya kula, ya kuvaa, nani wa kumfungulia mlango na nani wa kumwacha agonge mpaka achoke, sitoyagusa. Mama yako kayasema yote, na aliyoyasahau shangazi yako anayamalizia sasa hivi.

Ijumaa, ulipokuwa ukikunja nguo zako, nilikuuliza kwa nini katika masomo yote ya dunia umechagua kompyuta, kazi iliyonipa mimi miwani na mgongo mbovu. Nilikuwa nafanya utani. Wewe hukunitazama. Ulisema, "Kwa sababu ya bibi. Mimi ndo nloiua ile kompyuta yake, baba. Nliizima ukutani." Ukaendelea kukunja, kama mtu aliyetaja hali ya hewa. Na mimi nikasema, "Usiseme hivyo," nikavaa makubadhi, nikatoka kwenda kununua mkate wa boflo. Boflo lilikuwamo ndani, mama yako alishanunua. Nikarudi na la pili na hakuna aliyeniuliza.

Si wewe, Nasra. Ni mimi. Kompyuta ya bibi yako niliifuta mimi, kwa mkono wangu, juu ya meza hii hii ninayoandikia. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Sasa una miaka ishirini, na muda wote huu umebeba kosa langu bila mimi kujua. Lakini tangu Ijumaa najua, na siku zote hizi nimekaa kimya, nakula na wewe sahani moja. Hilo nalo ni kosa, na la kwanza lilikuwa na kisingizio cha ujinga, hili halina.

Nitakusimulia ilivyokuwa. Sehemu nyengine unazijua, lakini zisome tu, kwa sababu ulizijua kwa macho ya mtoto.

Mimi kazi hii sikuisoma. Nilikaa kwa fundi mmoja Darajani, nikimwangalia vidole. Alikuwa akiweka mfumo endeshi kwenye kompyuta za watu, kile kitu cha ndani kisichoshikika ambacho bila yake kompyuta ni sanduku tu, na mimi nikihifadhi: bonyeza hapa, subiri, kubali, subiri, kubali tena. Nilihifadhi kama tulivyohifadhi chuoni tukiwa wadogo, tunamaliza juzuu nzima wala hatujui maana ya aya moja. Nilipofungua duka langu nilikuwa fundi wa mstari mmoja. Ukinitoa nje ya mstari ule, nilikuwa sawa na mteja wangu, ila mimi nilikuwa na bisibisi.

Na sikuhitaji kutoka nje ya mstari, kwa sababu watu wote walitaka mfumo mmoja. Wala hawakuuita kwa jina. Walisema, "Fundi, niwekee ile ya kawaida." Wengine waliutambua kwa picha tu, ile ya kilima cha majani na mbingu safi. Bwana mmoja wa Mkunazini alinirudishia kompyuta siku ya pili akilalamika kuwa haijapona. Nikaipekua asubuhi nzima. Mwisho nikagundua kosa lake ni kuwa nilimwekea picha ya bahari badala ya kilima. Nikakirudisha kilima, akanishukuru sana.

Mambo haya tuliyacheka barazani, na wewe ulikuwa ukiyacheka pamoja nasi, umekaa juu ya kaunta miguu inaning'inia. Unamkumbuka yule karani aliyeandika kila barua juu ya barua iliyotangulia, kwa miaka mitatu, kwa sababu alidhani kompyuta ina karatasi moja? Na yule mama aliyeifunika ya kwake kwa kitambaa cha kudarizi ikiwa inawaka, ikazimika kwa joto, akaona imepata baridi, akaongeza kitambaa cha pili? Alikuwapo na mzee mmoja aliyeniuliza, akiiuza kompyuta yake, maneno aliyoyaandika yatabaki kwake au yatakwenda na mnunuzi. Hilo nililisimulia miaka na miaka, na watu wakishika mbavu. Leo naona lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa dukani humu, na sikulijibu.

Nilizowea kuwa mtu mmoja anayejua katika chumba cha watu wasiojua. Ni raha kubwa hiyo, mwanangu, utaionja na wewe. Wateja walikuwa wakinitazama kama wanavyomtazama daktari. Nikisema kitu, ndicho. Nikishindwa na kitu, nilikuwa na neno langu moja, "virusi", na sijapata kumwona mteja aliyeuliza swali la pili baada ya neno hilo. Walitikisa vichwa kwa huzuni wakakubali hasara yao.

Sasa bibi yako. Bi Mize, Mungu amrehemu, alikuwa mkunga Makunduchi tangu mama yako hajazaliwa. Unajua alivyoheshimiwa, lakini nadhani hukujua hasa kwa nini kila posa ya pale ilipita kwanza uani kwake. Ni kwa sababu ya mwani. Siku za bamvua maji yakitoka mbali, wanawake wote hushuka pwani mapema kuuvuna, na mwenye mtoto mchanga humwachia jirani ambaye naye ana mchanga wake. Mtoto akilia, jirani humnyonyesha. Hiyo ndiyo ihsani yao wao kwa wao. Lakini mtoto akishanyonya kwa mwanamke mwengine akashiba mara tano, huyo ni mwanawe, na watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake, hawaoani. Akinyonya mara nne, hapana kitu. Kwa hiyo ilibidi awepo mtu wa kukumbuka nani kanyonya kwa nani na, zaidi ya hapo, kashiba mara ngapi. Kijiji kizima kilimtegemea bibi yako. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba jioni akiuliza, na wanawake walimwambia, na yeye alikaa nayo kichwani.

Kisha akaanza kusahau. Siku moja alimwita mama yako kwa jina la dada yake aliyefariki, akajisikia mwenyewe. Wiki ile ile akaanza kuandika. Daftari lake la kwanza liliingia mchwa. Ndipo zikaja kompyuta. Wageni fulani waliokuwa wakimaliza kazi zao pale walikiachia kituo cha afya kompyuta tano, nzima kabisa, ila zilikuwa na mfumo mwengine, ule wa bure ambao hapa kwetu watu wengi hawajawahi hata kuusikia. Wafanyakazi waliokwisha kufundishwa ile ya kawaida waliziwasha, wakakuta sura ngeni, hakuna kilima, hakuna kile kitufe cha pembeni walichokizowea, wakasema mbovu. Zikaingizwa stoo, zikafunikwa na vyandarua.

Bibi yako akaomba moja. Yeye hakuwahi kuiona kompyuta yoyote, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kukikosa. Mwalimu mmoja jirani yake alimwonesha pa kuwashia, pa kufungulia, pa kuandikia, basi. Akaandika kwa kidole kimoja, miaka miwili. Wewe likizo zako ulizimalizia pale, unamtafutia herufi. Uliniambia siku moja kuwa bibi akishaandika jina la mtoto hukaa akalitazama kidogo, ndipo aendelee.

Siku aliyoniletea nilikuwa na wateja wawili. Alishuka kwenye gari akiwa amebeba lile kasha peke yake, amelifunga kwa kanga mbili kama mtu aliyebeba mtoto. Kioo hakuja nacho, wala kibodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nakuletea mgonjwa. Tangu juzi anakoroma, mpaka huyo Nasra kenda kumzima ukutani kwa kuogopa."

Nikalipokea. Nikamuuliza lile swali nililowauliza wote, na nililiuliza huku nafungua misumari, sikumtazama. "Mna kitu chako cha maana mle ndani, mama?"

"Hata. Mambo yangu nloyaandika yote nshayaacha nyumbani. Yako salama, nimeyafunika."

Nimeyafunika. Nasra, neno lile nililisikia. Mtu hasemi kafunika flashi, wala hasemi kafunika karatasi. Nililisikia na likanigusa, nikaliacha lipite, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu watu wasiojua husema maneno ya ajabu kila siku. Kama ningeuliza, "Umefunika nini, mama?" barua hii nisingeiandika.

Alikuwa amekifunika kioo. Kwake yeye, maneno yalikuwa pale alipoyaona. Aliyaandika kioo kikimtazama, akayasoma kwenye kioo, na lile kasha la chini lilikuwa mashine ya kukiwashia, kama jenereta na taa. Kwa hiyo alikiacha kioo Makunduchi, amekifunika kanga, ili fundi wa mjini asije akamharibia mambo yake. Akaniletea mimi jenereta. Na kwa nini asidhani hivyo? Nani kati yetu, sisi tunaojua, aliwahi kukaa naye akamwambia vyengine?

Ugonjwa wenyewe ulikuwa feni. Vumbi na utando wa buibui. Niliisafisha kwa brashi ya rangi, kukoroma kukaisha. Hiyo ndiyo kazi niliyoombwa na ilikuwa imekwisha, ningelifunga kasha nikampa mwenyewe. Lakini nikaliunganisha na kioo cha dukani ili kulijaribu, na ikaja ile sura ngeni. Sikuijua. Nilibonyeza huku na huku, kipanya kinakwenda lakini mimi sijui nakwenda wapi. Mmoja wa wale wateja, kijana mwenye maneno mengi, akainama akachungulia.

"Fundi, mbona hii si ya kawaida?"

Palikuwa na maneno mawili ya kumjibu: "Hii siijui." Niliyatafuta mdomoni sikuyaona. Mkwe wangu amekaa kwenye kigoda pale mlangoni, amenyoosha miguu, ananitazama kwa fahari, na mimi nina duka lenye kibao cha fundi. Nikasema, "Hii mbovu hii, wamemwekea takataka. Namwekea ya kawaida."

Nikachomoa diski yake nikaifunga kwenye kompyuta yangu. Yangu ikaniletea ujumbe: diski hii haisomeki, lazima ifomatiwe ndipo itumike, unataka? Utajifunza huko uendako kwa nini inasema vile. Mimi nilijifunza baadaye sana. Ule mfumo wa wote haukujua kusoma maandishi ya mfumo wa wachache, na kitu usichojua kukisoma unakitangaza kuwa kitupu. Haukusema "mimi sijui". Ulisema "futa". Nami niliuamini, kwa sababu ndivyo ningesema mimi, ndivyo nilivyokuwa nimetoka kusema sekunde ile. Nikabonyeza kubali. Kahawa niliyomwagizia bibi yako ilikuwa haijapoa.

Jumapili nilimpelekea mwenyewe Makunduchi. Ulikuwapo. Nilikuwa nimeng'arisha kasha kwa kitambaa, na nilikuwa na furaha kama mtu aliyemletea mkwewe zawadi. Bibi yako akakifunua kioo, akaikunja kanga vizuri akaiweka pembeni. Nikaunganisha. Kilima kikaja.

"Maashaallah," akasema. "Pazuri wapi hapa? Haya, nioneshe mambo yangu."

"Si ulisema yako nyumbani, mama?"

"Ndo haya hapa nyumbani," na akakigonga kioo kwa ukucha.

Nilielewa yote kwa mara moja, mpaka lile neno la kufunika. Mama yako alikuwa jikoni anapaa samaki. Wewe ulikuwa umesimama kizingitini una kipande cha fenesi mkononi. Hakuna mtu mwengine nyumba nzima aliyejua kilichotokea, na hakuna ambaye angejua, na hilo ndilo lililonimaliza. Kama angekuwapo mtu mmoja anayejua, ningesema kweli kwa kumwogopa.

"Virusi, mama," nikasema. "Viliingia vikala."

Akakaa juu ya kitanda. Hakulia wakati ule, alilia baada ya mimi kuondoka, mama yako aliniambia. Akauliza, na wala hakuuliza kwa lawama, aliuliza kama mkunga anavyouliza homa imeanza lini, ili mara nyengine ajue la kufanya: "Vyaingia vipi? Kwani mtoto akizima ukutani, asizime pale pa kuzimia, ndo vyaingia?"

Nikasema, "Huenda."

Neno moja. Nililisema kwa sababu lilikuwa mlango na mimi nilitaka kutoka. Sikukutazama. Mpaka Ijumaa iliyopita sikuwahi kufikiri kuwa kizingitini pale alikuwapo mtu aliyelichukua lile neno akaondoka nalo.

Kuzima ukutani hakukufuta hata herufi moja, Nasra. Nakwambia kama fundi sasa, si kama baba. Mashine iliwaka hapa dukani salama. Majina yote aliyoyaandika bibi yako, na wewe ukimtafutia herufi, yalikuwamo mpaka nilipobonyeza mimi. Na wewe ulikuwa mtoto uliyesikia mashine inakoroma ukaogopa isiungue, ukaizima. Ulifanya jambo la maana zaidi yangu.

Yaliyofuata huyajui, kwa kuwa hayakuzungumzwa mbele ya watoto. Mwaka wa pili yake kijana mmoja wa pale alimposa binti wa nyumba ya nne kutoka kwa bibi yako. Walikuwa wakitakana, kila mtu akijua. Wanawake wakakumbuka kuwa binti yule, mchanga, aliachwa kwa mama wa kijana bamvua nzima, na alinyonya. Mara ngapi? Mama wa kijana keshafariki. Wakaenda kwa bibi yako. Mama yako alikuwapo, akaniambia alivyosema: "Siwezi kusema ndio, siwezi kusema sio. Nlikuwa nimeandika." Sheikh akawaambia, penye shaka ni kuacha. Wakaacha. Kila mmoja kaoa na kaolewa kwengine, wana watoto, wanapishana njiani. Huenda walikuwa ndugu kweli. Huenda ilikuwa mara mbili tu. Mimi ndiye niliyefuta hesabu yao, na wao hawanijui hata sura.

Bibi yako alijaribu kuanza tena. Majina mengi aliyapata, idadi ndiyo iliyomkimbia. Na kila nikenda kumtazama alikuwa akinipa pole, mimi, kwa kazi yangu ngumu ya kupambana na virusi. Nilikaa naye siku zake za mwisho, nilimshika mkono, nilikuwa na nafasi. Sikusema. Nilijiambia namwepushia uchungu. Uongo mtupu, nilikuwa najiepushia mimi aibu, na kwa hilo nafsi yangu hainisamehe, wala sitaki iniachie kirahisi.

Kitu kimoja nilikifanya. Ule mfumo niliouita takataka, nilijifunza. Nilianza mwaka ule ule aliofariki, polepole, kwa kuwaomba vijana wadogo kuliko wewe wanioneshe. Ndiyo sababu uliniona nimekaa usoni pa mashine mzee mzima najikuna kichwa. Ulidhani napenda. Katika kujifunza nikagundua kuwa, hata baada ya kufomati, kama ningesimama pale pale nisiweke kitu chengine, huenda sehemu ya majina ingepatikana. Lakini nilikwishaumwaga mfumo mzima wa kawaida juu yake, na picha zake, na kilima chake. Nilikaa na habari hiyo peke yangu wiki nyingi.

Siku hizi watu hawaji na makasha, wanakuja na simu, na mambo ni yale yale. Kila mtu ana simu inayofanana na ya mwenzake, ukimwuliza picha zake ziko wapi anakuonesha kioo. Mimi siulizi tena kama kuna kitu cha maana. Nasema, "Nigusie kwa kidole kitu ambacho ukikikosa utalia." Wananicheka, lakini wanagusa. Mmoja aligusa kioo, mmoja aligusa kadi ya laini, bibi mmoja wa Mtoni alishika kifuko cha simu, akasema mwanawe kamwekea sauti yake humo. Nikavuta kiti tukazungumza mpaka nikajua sauti ile iko wapi. Wateja wanasema nimekuwa mzito wa kazi. Ni kweli.

Unakwenda kusoma mambo ambayo mimi sitoyafahamu. Utarudi unajua, na watakuja kwako watu wa kila namna na maneno yao ya ajabu. Watakuambia kompyuta imechoka, watakuambia wameyafunika mambo yao nyumbani. Watakuamini, Nasra, kwa sababu hawana njia nyengine. Sikuambii uwe mwema, wema unao wa kutosha, umeurithi kwengine. Nakuambia tu kuwa mtu asiyejua hawezi kukukosoa, na mimi nilidhani hiyo ni nafasi ya kupumzika. Na ikikutokea siku umesimama mbele ya watu na kitu usichokijua, yale maneno mawili niliyoyakosa mimi, uwe nayo karibu.

Mama yako hajui. Nimemficha miaka yote kumi na moja, na aliyedhulumiwa alikuwa mama yake mzazi. Nitamwambia leo, mkirudi, kabla sijakupa wewe karatasi hii, na sijui atanifanya nini, lakini haki yake ni kusikia kutoka kwangu kabla ya kuiona habari hii machoni pako. Wewe nitakupa mkononi. Nilifikiri kuitia ndani ya begi uikute huko, umeshavuka maji. Nikajiona nafanya yale yale ya mwanzo, kutafuta mlango. Isome hapa hapa, nikiwa nyumba moja na wewe, ukitaka kunipigia kelele unipigie.

Kesho asubuhi, kwa desturi, msafiri humwendea mzee wake, akamshika mkono, akamwomba radhi ndipo aondoke. Najua ulikuwa umeshajipanga, nimesikia mama yako akikufundisha maneno. Radhi zangu unazo zote, tangu siku uliyozaliwa, na hutopungukiwa nazo hata ukikataa kuniamkia. Kwa hiyo usije, mwanangu. Kaa pale pale utakapokuwa umekaa. Mimi ndiye nitakayekuja kwako.

Baba yako